Kuuguza na Kuuguliwa: Jinsi ya Kupima Mahitaji ya Jamaa Wanaotunza Wazee Wenye Demensia Nyumbani

Katika Kiswahili, mtu ambaye ndugu yake ni mgonjwa husemwa kuwa "ameuguliwa". Ugonjwa umo katika mwili wa mwingine, lakini kitenzi chamhusu yeye aliye mzima. Aidha, lugha hutenga "muuguzi", yaani mtu aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa mshahara, na "muuguzaji", yaani jamaa anayekesha kando ya kitanda kwa sababu ya udugu tu. Jambo hili ambalo wasemaji wa Kiswahili walilitambua tangu zamani, sayansi ya tiba ilichelewa kuliona. Kwa miaka mingi tabibu alimpima mgonjwa, akaandika dawa, akaenda zake. Aliyeuguliwa hakupimwa na mtu. Makala haya yaeleza jinsi wataalamu walivyojifunza kumpima huyo wa pili, hasa pale anapomtunza mzee mwenye demensia, na jinsi vipimo hivyo vinavyopaswa kugeuzwa ili vifae katika kijiji cha pwani kama Bweni, Kisiwani Mafia.

Demensia ni nini

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ambamo kumbukumbu, fikira, lugha na uwezo wa kupambanua mambo hupungua hatua kwa hatua, mpaka mtu ashindwe kuendesha shughuli zake za kila siku. Magonjwa mengi huweza kuileta. Lililo kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao hukadiriwa kuwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya matukio yote. Jina hilo latokana na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 alianza kumchunguza mwanamke mmoja katika hospitali ya mji wa Frankfurt. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini, na mwaka huohuo akawaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen mabadiliko aliyoyaona. Chanzo cha pili ni kuziba au kupasuka kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo ambalo huchochewa sana na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Hapana budi kutofautisha demensia na uzee wa kawaida. Mzee anayesahau mahali alipoweka kisu hana neno. Akishika kisu mkononi asijue ni cha kazi gani, hiyo ni hali nyingine. Hali kadhalika, si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Mzee aliyekuwa timamu jumatatu na kuanza kuweweseka jumatano huenda ana malaria, homa ya mapafu au maambukizo ya njia ya mkojo. Upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo, kaswende ya muda mrefu na huzuni iliyozidi huweza pia kuiga demensia, na yote haya yana dawa. Kwa hiyo hitaji la kwanza la jamaa, kabla ya mengine yote, ni mtu wa afya atakayewaambia kwa uhakika mzee wao ana nini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lililoundwa mwaka 1998 lilijiita 10/66, kwa sababu wakati huo chini ya asilimia 10 ya utafiti wa demensia katika jamii ulihusu nchi zinazoendelea, ilhali nchi hizo zilikuwa na asilimia 66 ya wagonjwa. Ni jina ambalo halikuhitaji maelezo marefu.

Hapa Tanzania utafiti unaojulikana zaidi ulifanyika katika Wilaya ya Hai, Mkoani Kilimanjaro. Wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Mwanafunzi aweza kujaribu hesabu ifuatayo: katika tarafa yenye wazee 150 wa umri huo, idadi inayotazamiwa ni 150 mara 0.064, yaani wazee 9 au 10. Hesabu hiyo ni ya kukisia tu, maana Hai si Mafia. Lakini yatosha kuonyesha kwamba jambo lenyewe si la nchi za mbali.

Utafiti wa Hai ulileta pia somo kuhusu vipimo. Vipimo vingi vya Ulaya humtaka mzee achore umbo au aandike sentensi. Mtu ambaye hakupata kushika kalamu maishani mwake atashindwa, na kushindwa huko hakuhusiani na ubongo wake. Watafiti walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilooneshwa, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda wa dakika moja, na hukumbuka orodha ya maneno 10 aliyosikia. Njiti ya kiberiti haihitaji shule.

Mzigo na namna ya kuupima

Sasa yafaa kumrudia muuguzaji. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, jamaa na marafiki hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumtunza mtu mwenye demensia, na asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Gharama ya demensia duniani mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa dola za Kimarekani trilioni 1.3, na karibu nusu yake ilikuwa thamani ya kazi hii isiyolipwa. Fedha hizo hazikutoka katika hazina ya nchi yoyote. Zilitoka katika usingizi wa mabinti, shamba lisilolimwa na biashara iliyofungwa.

Mwaka 1966 wataalamu wawili, J. Hoenig na M. Hamilton, waliokuwa wakichunguza familia za wagonjwa wa akili nchini Uingereza, walipendekeza tofauti ambayo ingali inatumika. Walisema kuna mzigo wa dhahiri, yaani mambo ambayo mtu wa nje aweza kuyahesabu: saa, fedha, ndoo za maji, usiku wa kukesha. Kisha kuna mzigo unaohisiwa, yaani jinsi yule anayeubeba anavyouona. Mambo haya mawili hayaendi pamoja daima. Mabinti wawili waweza kufanya kazi ileile kwa saa zilezile, mmoja akaona ni radhi ya mzazi na mwingine akaona ni kifungo.

Mzigo unaohisiwa ulipata kipimo chake mwaka 1980, Steven Zarit na wenzake wawili nchini Marekani walipotangaza dodoso lenye maswali 29. Baadaye maswali yalipunguzwa kuwa 22. Kila swali hujibiwa kwa alama kuanzia 0, yaani "kamwe", hadi 4, yaani "karibu kila mara". Kwa hiyo alama ya juu kabisa ni 22 mara 4, yaani 88. Maswali yahusu muda wa mtu binafsi, afya, fedha, aibu mbele ya watu, hasira na hofu ya siku zijazo.

Matokeo ya utafiti huo wa kwanza yaliwashangaza wengi. Walichunguzwa wauguzaji 29 tu, lakini ilionekana kwamba ukubwa wa mzigo haukufuata kiasi cha usahaulifu wa mgonjwa. Ulifuata jambo jingine: ni mara ngapi jamaa wengine hufika kumtembelea mgonjwa. Palipokuwa na wageni wengi wa ukoo mzigo ulihisiwa kuwa mwepesi, hata kama mgonjwa alikuwa hoi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata, uliohusu watu wengi zaidi, umeongeza kwamba tabia za mgonjwa nazo zina uzito, hasa kutolala, ghasia na kutangatanga, na kwamba hizo humchosha muuguzaji kuliko usahaulifu wenyewe. Hata hivyo lile la wageni halikufutwa, na kwa msomaji wa pwani, ambako kwenda kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, ni jambo la kutafakari. Wajibu huo hutimizwa vizuri kwa homa ya wiki mbili. Kwa ugonjwa wa miaka minane wageni hupungua, na hupungua zaidi kadiri mzee anavyozidi kutowatambua.

Alama si hitaji

Hapa pana kosa ambalo hata wataalamu hulifanya. Mtu akipata alama 40 katika dodoso la Zarit, imejulikana kwamba ameelemewa. Haijajulikana anahitaji nini. Wauguzaji wawili waweza kupata 40 kila mmoja: wa kwanza kwa sababu halali usiku, wa pili kwa sababu amekwisha kuuza mbuzi wake wote kwa ajili ya matibabu. Ukimpa wa kwanza fedha na wa pili mtu wa kukesha, umekosea mara mbili. Kupima mzigo ni kama kusoma kipimajoto: chaonyesha kwamba pana homa, hakisemi imeletwa na nini.

Kuhusu hitaji lenyewe, mwanazuoni wa Uingereza Jonathan Bradshaw alitoa mwaka 1972 mgawanyo wa namna nne. Kuna hitaji linaloamuliwa na mtaalamu kwa kufuata kanuni zake. Kuna hitaji analolihisi mtu mwenyewe moyoni. Kuna hitaji lililotamkwa, yaani lile ambalo mtu amelifuatia kwa kwenda zahanati au ofisi ya kijiji. Na kuna hitaji linaloonekana kwa kulinganisha: kaya hii haina kitu ambacho kaya nyingine zenye hali hiyohiyo zinacho.

Mgawanyo huu wafaa sana katika jambo la demensia, kwa sababu namna hizo nne huachana mno. Jamaa wengi huamini kwamba kusahau ni sehemu ya uzee. Uchunguzi uliofanywa Hai ulionyesha imani hiyo waziwazi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba ni ya Hai peke yake. Anayeamini hivyo haendi hospitali; basi hitaji halitamkwi. Mhesabu wa takwimu akitazama daftari la zahanati ataona sifuri, naye ataandika kwamba tatizo halipo. Tena yapo mambo ambayo muuguzaji huyahisi lakini hathubutu kuyasema. Binti akisema mbele ya watu kwamba amechoka kumtunza mama yake, ataonekana hana adabu wala hofu ya Mungu. Ukimwuliza ana shida gani atajibu, "Hakuna shida, ni mama yangu." Jibu hilo ni la kweli, nalo halipingani na uchovu.

Bweni

Bweni ipo katika ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, karibu na Ras Mkumbi, ambako Wajerumani walijenga mnara wa taa mwaka 1892. Kilindoni, makao makuu ya wilaya, ambako ndiko iliko hospitali ya wilaya, iko upande wa kusini-magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Mgonjwa anayehitaji kupigwa picha ya ubongo hana budi kuendelea mbele zaidi: avuke bahari kwa chombo mpaka Nyamisati kisha ashike barabara, au apande ndege mpaka Dar es Salaam. Kwa mzee anayeogopa kila mahali asipopajua, safari yenyewe ni mateso, na kwa jamaa ni nauli ya watu wawili au watatu, kwani mzee wa namna hiyo hasafiri na mtu mmoja.

Maisha ya kaskazini mwa Mafia yameandikwa kwa undani na mwanaanthropolojia wa Uingereza, Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1965. Alieleza, pamoja na mengine, kwamba watu wa huko huhesabu ukoo kwa upande wa baba na wa mama pia, na kwamba ni jambo la kawaida mtoto kulelewa na jamaa asiyekuwa mzazi wake. Mambo hayo mawili hugusa utunzaji wa wazee. Mzee ana jamaa wengi wenye wajibu kwake, na hapohapo wajibu uliogawanywa kwa wengi huweza kubaki kwa mmoja. Na mara nyingi mmoja huyo ana msaidizi ambaye hatajwi: mjukuu anayelelewa pale nyumbani.

Tuseme basi, kwa mfano wa kubuniwa, kwamba katika kijiji cha aina hii yupo bibi wa miaka 78 mwenye demensia, naye anatunzwa na binti yake wa miaka 50. Mpimaji akiandika saa za binti huyo kwa siku moja aweza kupata yafuatayo. Usiku aliamka mara 3, kila mara dakika 40. Hizo ni saa 2. Kumlisha bibi mara 3 kwa dakika 45 ni saa 2 na robo. Kumwogesha na kumvika ni saa 1. Kuteka maji ya ziada na kufua nguo zilizochafuliwa ni saa 1 na nusu. Jumla ni saa 6 na dakika 45. Lakini hesabu hiyo ina pengo kubwa. Haimo ndani yake kazi ya kuchunga, yaani saa zile ambazo binti hafanyi lolote kwa bibi ila hawezi kwenda popote, kwa kuwa bibi akiachwa atatoka na kupotea njia, au atasogelea kisima, moto wa jikoni au bahari. Katika saa hizo mikono i huru lakini miguu imefungwa.

Tofauti hiyo ya mikono na miguu yafaa iingizwe katika kipimo chochote kitakachotumika Mafia, kwa sababu ndiyo inayoamua hasara ya kaya. Kazi nyingine hufanyika hapohapo penye mgonjwa. Mwanamke anayesuka ukili kwa ajili ya mikeka aweza kusuka huku jicho lake liko kwa mzee, ijapokuwa atasuka kidogo kuliko alivyozoea. Kazi nyingine haziwezekani kabisa. Kutafuta pweza na chaza miambani hutaka mtu ashuke pwani maji yanapokupwa na arudi kabla hayajajaa. Na mpunga unapokaribia kuiva hutaka mtu akae shambani kutwa nzima kuamia ndege. Swali la kawaida la madodoso, yaani kama mtu ameacha kazi kwa sababu ya kumtunza mgonjwa, halishiki hali hii. Binti atajibu hapana, maana hakuajiriwa na mtu. Swali la kufaa ni hili: tangu mzee alipoanza kuugua, ni kazi gani ulizokuwa ukizifanya na sasa huzifanyi?

Liko pia suala la mali. Kwa desturi ya Mafia minazi huweza kumilikiwa na mtu mmoja na ardhi chini yake kuwa ya mwingine, na makubaliano mengi yamo katika kumbukumbu za wazee kuliko katika karatasi. Mzee aliyeanza kusahau aweza kuuza minazi ileile mara mbili, au kukana kwamba alikwisha kuiuza. Ugomvi unaofuata humwangukia yule anayeishi naye, ambaye jamaa wa mbali humshuku kuwa ndiye aliyemshawishi. Madodoso ya Ulaya huuliza juu ya benki na wakili. Hapa linahitajika swali juu ya minazi, mipaka na mashahidi.

Jambo la majini na mashetani halipaswi kupuuzwa wala kudhihakiwa. Mzee anayezungumza na watu wasiokuwapo, au anayekataa kwamba nyumba hii ni yake, huweza kudhaniwa ameingiliwa, na familia itatafuta mganga. Mpimaji mwenye busara atauliza bila kukunja uso: ni nani wamekwisha kumtazama, na imegharimu kiasi gani? Pengine nusu ya akiba ya kaya imekwenda huko kabla ya safari ya kwanza ya Kilindoni. Katika baadhi ya mikoa ya bara nchini Tanzania mambo yamefikia hatari kubwa zaidi, kwani wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Na mwanamke anayetangatanga usiku akisema peke yake ni mtu rahisi kushukiwa. Kuieleza jamii kwamba hali hiyo ni ugonjwa wa ubongo ni kinga ya uhai.

Namna ya kuuliza

Maswali mazuri huharibiwa na muulizaji asiyejua saa. Pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, maji hukupwa sana yapata saa 4 au saa 5 asubuhi, na wanawake wengi huwa miambani. Anayefika nyumbani saa hiyo atamkuta mzee na mtoto tu, ataandika kwamba muuguzaji hayupo, na hatajua kwamba amekuta jambo muhimu kuliko yote: mtoto huyo ndiye muuguzaji wa saa hiyo. Yafaa kupanga ziara siku za maji mafu, na baada ya adhuhuri.

Faragha ni sharti. Muuguzaji aulizwe peke yake, mbali na mgonjwa, maana mzee mwenye demensia hupoteza kumbukumbu lakini hapotezi uchungu wa kusikia akitajwa kama mzigo. Aulizwe pia mbali na mumewe na kaka zake. Neno "mzigo" lenyewe ni bora lisitumike. Mtu hamwiti mama yake mzigo. Muulizaji aanze na yanayofanywa: nani humwogesha, nani huamka usiku, nani hutoa fedha. Kisha afuate yanayohisiwa. Mwisho aulize kitu kimoja ambacho, kama kingepatikana, kingebadilisha wiki yake. Majibu ya swali hili la mwisho huwa madogo kuliko wataalamu wanavyotazamia: komeo la mlango, godoro la plastiki, mtu wa kukaa na mzee siku ya Ijumaa ili binti aende arusini.

Tafsiri nayo ina kanuni zake. Mtu wa kwanza hutafsiri dodoso kwa Kiswahili. Wa pili, asiyeona asili yake, hulirudisha katika Kiingereza. Ndipo nakala mbili za Kiingereza hulinganishwa. Hata hivyo tafsiri sahihi huweza kuwa swali bovu. Kumwuliza mzee wa Bweni tarehe ya leo kwa mwezi wa kizungu ni kumpima shule. Aulizwe kama ni mfungo mosi au mfungo pili, kama ni bamvua au maji mafu, kama sala ya alasiri imepita. Asipoyajua hayo, hapo pana jambo.

Kutoka kipimo hadi msaada

Kipimo kisichofuatwa na msaada ni udadisi tu. Kwa sababu hiyo baadhi ya vipimo vipya, kama kile cha Uingereza kiitwacho CANE ambacho kilitolewa mwaka 2000, huandika kila hitaji katika hali mbili: limetimizwa au halijatimizwa. Kipimo hicho kina vipengele 24 vya mzee na viwili vya muuguzaji wake. Viwili ni vichache, lakini kabla ya hapo mara nyingi havikuwapo kabisa.

Mfano wenye manufaa zaidi kwa Mafia hautoki Uingereza. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Goa, pwani ya magharibi ya India, kwa familia 81. Watu wa kawaida, wasiokuwa waganga wala wauguzi, walifunzwa kazi ya kuzitembelea familia, kueleza ugonjwa, kufundisha namna ya kukabiliana na tabia ngumu, na kuwaunganisha jamaa na daktari pale alipohitajika. Afya ya akili ya wauguzaji ilipata nafuu, na tabia za wagonjwa zikawatesa kidogo kuliko mwanzo. Hakuna chombo cha bei kilichotumika. Tanzania ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari hutembelea nyumba kwa ajili ya mama na mtoto. Kuwaongezea maswali manane au kumi juu ya mzee na anayemtunza si jambo lisilowezekana, mradi pia wapunguziwe kazi nyingine, maana nao ni watu wenye saa 24.

Kwa mgonjwa mwenyewe, huko Hai yalijaribiwa mafunzo ya kuchangamsha akili, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017: wazee wachache hukutana katika vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na michezo. Faida yake kwa muuguzaji ni rahisi kuiona, kwani kila kikao ni saa moja ambayo mzee yuko mahali salama na binti yuko huru. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2019 mafunzo ya wauguzaji yaitwayo iSupport. Ama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeitambua familia kuwa nguzo ya msingi ya utunzaji wa wazee. Kauli hiyo ni ya haki, lakini nguzo nayo hukaguliwa. Fundi hamwachii mchwa nyumba kwa kuwa tu nguzo ni imara.

Walimu wa sekondari wamo katika jambo hili kuliko wanavyodhani. Mwanafunzi anayechelewa kila siku, anayesinzia saa ya hesabu, au anayekosa shule siku za bamvua peke yake, huenda ndiye anayebaki na bibi wakati mama ameshuka pwani. Hataji jambo hilo kwa sababu kwake si habari. Kumwuliza mwanafunzi "Nyumbani kuna mzee? Nani hukaa naye?" ni kipimo cha mahitaji pia, nacho hakihitaji fomu wala kibali. Majibu yakilinganishwa na daftari la mahudhurio na kalenda ya mwezi, mwalimu wa jiografia atakuwa na somo la maji kupwa na kujaa lenye ushahidi wa kutosha.

Kipimo hakifanywi mara moja. Mwanzoni mwa ugonjwa jamaa huhitaji maelezo zaidi kuliko mikono. Katikati, mzee anapotangatanga, huhitaji usingizi na mlango unaofungika. Mwishoni, anapokuwa hawezi kuinuka wala kumeza vizuri, huhitaji mtu wa kusaidia kumgeuza na kufundishwa jinsi ya kuzuia vidonda vya mgongo. Wataalamu hushauri kurudia kila baada ya miezi michache, na kila hali inapobadilika. Ziara moja husahauliwa karibu na wote, nayo ni ile ya baada ya arobaini. Mzee amekwisha kuzikwa, wageni wametawanyika, na aliyemuuguza kwa miaka minane ana usiku mzima wa kulala asioweza kuulala, wateja wa mikeka waliokwisha kumsahau, na shamba lililogeuka kichaka.